Kukeneka Zebaki kwa Moto Mdogo: Somo la Ukenekaji kutoka Machimbo ya Geita na Shinyanga

Vitabu vingi vya kemia vya shule za sekondari huanza somo la ukenekaji kwa mchoro ule ule: chupa ya kioo juu ya taa ya Bunsen, kipimajoto shingoni mwa chupa, na bomba lililovikwa koti la maji baridi. Mwanafunzi huuchora, huutaja katika mtihani, na aghalabu haukuti tena mtambo huo maishani mwake. Ilhali katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama, mkoani Shinyanga, na kupita Mbogwe na Nyang'hwale hadi Geita, ukenekaji ni kazi ya kila siku. Hufanywa na watu ambao wengi wao hawakupata kuliona jina hilo kitabuni, na mara nyingi hufanywa nusu tu: kimiminika hugeuzwa mvuke, lakini mvuke hauchukuliwi tena. Kimiminika chenyewe ni zebaki, na mvuke unaoachwa huingia katika mapafu ya wale walio karibu.

Katika somo hili tutaitazama kazi hiyo kwa macho ya fizikia na kemia. Tutauliza maswali mawili. La kwanza, ni kwa nini zebaki na dhahabu hutengana kwa urahisi kiasi kile, ilhali pombe na maji hushindana hadi kiwanda kilazimike kujenga mnara mrefu? La pili, je, moto unaotumika ni wa lazima wote? Swali hili la pili si dogo katika nchi ya Usukuma, ambako mti una historia yake, na ambako mkaa huenda ukagharimu zaidi ya fedha zinazolipwa gulioni.

Dhahabu na zebaki hukutana wapi

Dhahabu ya Geita ilichimbwa kwa mitambo mikubwa tangu mwaka 1936 hadi mwaka 1966, na mgodi wa siku zile ndio uliokuwa mkubwa kupita yote ya dhahabu katika Afrika Mashariki. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka uliofuata. Migodi hii mikubwa huyeyusha dhahabu kwa sianidi, na zebaki haina kazi humo. Mahali pake ni kwa wachimbaji wadogo wa sehemu kama Rwamagasa, Nyarugusu na Mgusu.

Mchimbaji mdogo hutoa mawe ya mwamba wa kwatzi katika duara, huyasaga katika karasha mpaka yawe unga, kisha huupitisha unga huo pamoja na maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia. Chembe za dhahabu, kwa kuwa ni nzito, hunasa katika magunia pamoja na mchanga mzito mweusi. Mchanga huo hukung'utwa katika karai, na humo ndimo zebaki inamotiwa. Mchenjuaji hukanda tope hilo kwa mkono, na zebaki huzunguka ikizikumbatia chembe za dhahabu moja baada ya nyingine, kwa kuwa metali hizi mbili huungana kwa urahisi na kufanya aloi iitwayo amalgamu. Mchanga hauungani na zebaki, hivyo huoshwa ukaenda zake.

Kinachobaki ni kimiminika kizito chenye donge laini ndani yake. Mchenjuaji hukitia katika kitambaa, hukisokota na kukikamua. Zebaki iliyo huru hupenya katika nyuzi na kudondoka, na ndani ya kitambaa hubaki kidonge cheupe, kigumu kidogo kama ugali uliopoa. Hicho ndicho amalgamu, na takribani nusu ya uzito wake bado ni zebaki.

Ningependa mwalimu asimame kidogo hapa kabla ya kufika kwenye moto. Kule kukamua kwa kitambaa ni utenganishaji kamili kwa njia ya uchujaji, na haukugharimu hata kipande kimoja cha mkaa. Kila gramu iliyotoka kwa nguvu za mkono ni gramu ambayo haitahitaji kuchemshwa. Wahandisi wa viwanda vikubwa wameifikia kanuni hii kwa hesabu ndefu: tenganisha kwanza kwa mashine au kwa chujio kadiri iwezekanavyo, nao moto uje mwisho. Mchenjuaji wa Nyarugusu huitimiza bila kuambiwa, maana zebaki ameinunua kwa fedha yake na anataka kuitumia tena.

Kwa nini zebaki huondoka na dhahabu hubaki

Kidonge huwekwa juu ya kibati au ndani ya kopo, na kibati huwekwa juu ya makaa. Zebaki huchemka katika nyuzi 357 za Selsiasi. Dhahabu huyeyuka tu katika nyuzi 1,064, na ili ichemke inahitaji zaidi ya nyuzi 2,800. Katika joto ambalo zebaki yote imekwisha kugeuka mvuke, dhahabu haijaanza hata kulainika, na mvuke wake ni haba mno usiweze kuhesabiwa. Kwa sababu hiyo ukenekaji mmoja watosha. Hapana haja ya kurudia.

Kusema kweli mambo si mepesi kabisa, kwani zebaki iliyomo katika amalgamu si zebaki huru. Atomu zake zimeshikwa na atomu za dhahabu, na kimiminika chochote kilichochanganyika na kitu kisichovukika hutoa mvuke kidogo kuliko kikiwa peke yake. Ndiyo maana maji ya chumvi huchemka katika joto lililo juu kuliko maji matupu. Zebaki ya mwanzo hutoka karibu na nyuzi 357, lakini kadiri inavyopungua katika kidonge ndivyo ile iliyosalia inavyozidi kushikwa, na joto hulazimika kupandishwa hadi nyuzi 450 au zaidi. Hata hivyo asilimia chache hubaki katika dhahabu ile yenye vitundu kama sifongo. Masalio hayo hutoka siku ambayo mnunuzi anaiyeyusha dhahabu dukani mwake, na hivyo hewa ya chumba cha mnunuzi huweza kuwa mbaya kuliko ya mwaloni, ingawa yeye hakupata kuishika zebaki kwa mkono.

Tuulinganishe urahisi huo na pombe. Pombe safi, yaani ethanoli, huchemka katika nyuzi 78, na maji katika nyuzi 100. Tofauti ni nyuzi 22 tu, na vimiminika hivi hupendana. Mchanganyiko wao ukichemka, mvuke unaotoka una vyote viwili, ila umezidi ethanoli kidogo. Ukipozwa hutoa kimiminika chenye ethanoli zaidi ya kile cha kwanza, nacho kikichemshwa tena hutoa chenye zaidi. Kwa njia hii mtu angekeneka mara nyingi, na kila mara angewasha moto mpya.

Kiwanda hakifanyi hivyo. Hujenga mnara wenye sahani nyingi moja juu ya nyingine. Mvuke hupanda kutoka chini, kimiminika hushuka kutoka juu, na katika kila sahani vinakutana. Mvuke unapogeuka kimiminika hutoa joto, na joto hilo hilo huchemsha kimiminika kilichomo katika sahani. Kila sahani basi ni mtambo mdogo wa kukeneka unaochemshwa na mvuke wa sahani iliyo chini yake. Moto huwashwa mara moja, chini kabisa, na hutumika mara ishirini au thelathini hadi kufika kileleni. Sehemu ya kimiminika kinachopatikana juu hurudishwa mnarani ili kishuke na kukutana na mvuke. Tuuite mtindo huo mrudisho. Bila mrudisho mnara haufanyi kazi, lakini kila lita inayorudishwa lazima ichemshwe upya. Mnara mfupi huhitaji mrudisho mwingi na mvuke mwingi, na mnara mrefu huhitaji kidogo. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973 wahandisi walianza kujenga minara mirefu zaidi na kupunguza mrudisho, kwa kuwa chuma hununuliwa mara moja ilhali kuni za kiwanda hununuliwa kila siku.

Hata mnara mrefu namna gani haupiti kiwango cha asilimia 95.6 ya ethanoli kwa uzito, maana hapo mvuke na kimiminika huwa na mchanganyiko ulio sawa, na kuchemsha zaidi ni kupoteza moto. Hilo lina somo lake peke yake, wala hatutaliingia leo.

Hesabu ya moto

Sasa tuchukue kalamu. Tuseme mchenjuaji ana amalgamu ya gramu 20, nusu yake zebaki na nusu dhahabu. Kupandisha joto la kilo moja ya zebaki kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 0.14. Kutoka nyuzi 25 hadi 357 ni nyuzi 332, kwa hiyo kilo moja ingetaka kilojuli 46 ili ifike kwenye mchemko. Jotofichi la kuivukiza ni kilojuli 295. Jumla ni kilojuli 341 kwa kilo, na kwa gramu zetu 10 ni kilojuli 3.4. Gramu 10 za dhahabu zikipashwa hadi nyuzi 450 zitakula kama nusu kilojuli. Kazi yote basi inataka kilojuli 3.9.

Ni kiasi gani hicho? Kikombe kimoja cha maji ya chai, gramu 250, kinahitaji karibu kilojuli 74 ili kifike kwenye mchemko mjini Shinyanga. (Hapo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa sababu mji uko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Zebaki nayo hupungukiwa na nyuzi kama saba. Mwanafunzi aliyepima maji ya shule yake akapata nyuzi 96 asiambiwe kwamba kipimajoto ni kibovu.) Joto la kuandaa chai ya mtu mmoja, kabla hata ya kuchemka vizuri, lingeweza kukeneka zebaki ya vidonge karibu ishirini.

Lakini jiko la mkaa lililotumika liliunguza nini? Tuchukulie nusu kilo ya mkaa. Kilo moja ya mkaa mzuri hutoa takribani kilojuli 29,000, kwa hiyo nusu yake ni 14,500. Katika kila kilojuli 10,000 zilizotoka motoni, chini ya tatu ndizo zilizofanya kazi iliyokusudiwa. Nyingine zilikwenda hewani, zikapasha ardhi, zikapasha mikono ya mchenjuaji.

Usukumani hesabu hii ina uzito wake. Katika tanuru la udongo la kienyeji kilo moja ya mkaa huhitaji kilo tano hadi kumi za kuni kavu. Sehemu kubwa ya Shinyanga ilikwisha kubaki tupu, kwa ufyekaji wa vichaka ili kufukuza mbung'o, kwa kilimo cha pamba, na kwa kuni. Ndipo mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mpango huo ulifufua desturi ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili lipumzike na miti ichipue, na ukatunukiwa tuzo ya Umoja wa Mataifa, Tuzo ya Ikweta, mwaka 2002. Mkaa wa machimboni hutoka katika misitu ya jirani na ngitili hizo.

Ritoti, na mahali joto linakopotelea

Chombo cha kukenekea zebaki huitwa ritoti. Umbo lake ni rahisi: chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko kinachobanwa kwa skrubu, na bomba linalotoka kifunikoni, likapinda na kushuka hadi kwenye chombo cha maji. Amalgamu huwekwa ndani, moto huwashwa chini, mvuke wa zebaki hupita katika bomba, nalo bomba hupozwa kwa kitambaa chenye maji au kwa koti la maji. Zebaki hudondoka mwishoni ikiwa safi, tayari kutumika tena. Ritoti iliyofungwa vizuri hurudisha zaidi ya asilimia 95 ya zebaki. Mafundi wameziunda hata kwa mabomba ya maji na viungo vyake vinavyouzwa madukani. Tahadhari moja tu: mabomba hayo mara nyingi hupakwa zinki, na zinki nayo huungana na zebaki, kwa hiyo ni lazima tabaka hilo liunguzwe kwanza kwa moto mkali, mahali pa wazi, kabla chombo hakijatumika.

Mwisho wa bomba usizamishwe majini. Sababu yake ni fizikia ya kidato cha kwanza. Moto ukizimwa mvuke ulio ndani husinyaa na kugeuka kimiminika, kanieneo ndani ya chungu hushuka, na hewa ya nje huyasukuma maji kupanda bombani. Maji yakifika katika chuma chenye nyuzi 400 hugeuka mvuke kwa mara moja, na ritoti hupasuka. Mdomo wa bomba na ukae juu kidogo ya maji, umefungwa kitambaa kilicholowa kinachogusa maji.

Wachimbaji wengi walipoonyeshwa ritoti waliisifu, kisha wakairudia njia ya kibati. Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda liliendesha mradi wa zebaki katika nchi sita, Tanzania ikiwa mojawapo, kati ya miaka 2002 na 2007, na Rwamagasa ndipo palipochaguliwa kwetu. Manung'uniko yaliyosikika huko na kwingineko duniani yanafanana: ritoti inachelewesha, dhahabu haionekani ikiwa ndani, na wakati mwingine hutoka na rangi ya kahawia ambayo mnunuzi huitumia kupunguza bei. Si haki kuwaita watu hawa wajinga. Mtu aliyekaa siku nyingi katika duara hatakubali kukiacha kidonge chake katika chungu kilichofungwa kinachochomwa na mtu mwingine. Swali la kutoonekana lilijibiwa kwa ritoti za kioo, ambazo ni nzuri lakini huvunjika. Swali la kuchelewa ni la joto, na hapo fizikia inaweza kusaidia.

Tuseme ritoti ya chuma ina uzito wa kilo 2. Chuma kinahitaji kilojuli 0.45 kwa kilo kwa kila nyuzi. Kutoka nyuzi 25 hadi 450 ni nyuzi 425, hivyo chungu peke yake chahitaji kilojuli 382. Zebaki na dhahabu zilihitaji 3.9. Tunapasha chombo mara mia moja kuliko tunavyopasha kitu kilichomo! Mchenjuaji anaponung'unika kwamba ritoti inachelewa, anachokiona ni kilo mbili za chuma zikipata moto taratibu.

Dawa ya kwanza ni chungu chepesi kinacholingana na kidonge. Dawa ya pili ni ushirika. Watu kumi wakikeneka vidonge vyao kwa pamoja, chungu hupashwa mara moja badala ya mara kumi. Ili dhahabu zisichanganyike, kila mmoja awe na kikombe chake kidogo cha chuma chenye alama, gramu 50 hivi, na vikombe vyote vipangwe ndani ya ritoti moja. Tukipiga hesabu: chungu kilojuli 382, vikombe 96, zebaki na dhahabu zote 39, jumla 517, yaani karibu 52 kwa kila mtu badala ya 386. Ni punguzo la mara saba, na wenye mali wote wamekaa kitako wakitazama. Lakini mmoja wao asijaribu kukifungua chungu kikiwa cha moto ili kuharakisha, maana mvuke uliosalia ndani utamtoka usoni.

Dawa ya tatu inahusu kifuniko, na hapa ule mrudisho wa mnara wa pombe unatokea tena, safari hii kama adui. Moto ukiwa chini tu, kifuniko kilicho juu hupigwa na upepo na kubaki na joto la nyuzi mia mbili na kitu. Mvuke wa zebaki hupanda, hukigusa, hugeuka matone na kudondoka tena juu ya kidonge. Huchemshwa upya, hupanda, hudondoka. Kiwandani mrudisho hununua usafi, lakini katika ritoti haununui chochote, kwa kuwa hakuna kingine kinachovukika cha kutenganishwa. Jotofichi linalolipwa upya ni dogo. Hasara hasa ni muda, maana kila dakika inayoongezeka jiko zima linaendelea kuvuja joto pande zote. Basi makaa na yazunguke chungu hadi juu, kifuniko kifunikwe kwa makaa au kwa tabaka nene la majivu, na shingo ya bomba iwe fupi na yenye joto mpaka pale inapopinda kushuka. Kupoza kuanze baada ya kona, kusiwepo kabla yake.

Jiko lenyewe liwe na ukuta wa udongo. Kanuni ni ile ile ya majiko bora ya kupikia yaliyoenea Kenya na Tanzania tangu miaka ya 1980: udongo hauruhusu joto kupita upesi kama bati linavyoruhusu.

Na maji? Kidonge kilichotoka karaini kina umajimaji. Kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi iwe mvuke yote hula karibu kilojuli 2,570, mara saba na nusu ya zebaki. Gramu 10 za maji zilizosahauliwa katika kidonge hula joto sawa na gramu 75 za zebaki, na zaidi ya hayo hurusha vipande vya amalgamu zinapochemka ghafla. Kidonge kikamuliwe barabara na kupanguswa kwa kitambaa kikavu. Kisianikwe juani, hata kama jua la Shinyanga ni la bure, kwa sababu zebaki huvukiza hata bila moto.

Mvuke usioonekana

Jambo hili la mwisho lahitaji maneno machache zaidi. Katika nyuzi 25, meta moja ya ujazo ya hewa iliyofungiwa pamoja na zebaki hubeba hadi miligramu 20 za mvuke wake. Shirika la Afya Duniani limependekeza wastani wa mwaka usiozidi mikrogramu moja kwa kila meta ya ujazo. Hewa ile basi ina mara 20,000 ya kiasi hicho, na bado hakuna aliyewasha moto. Mvuke hauna rangi wala harufu. Takribani asilimia 80 ya unaovutwa huingia katika damu, hufika katika ubongo na mafigo, na dalili zake ni mikono kutetemeka, usahaulifu, ukali wa tabia usio na sababu, na fizi kuvimba. Kwa kuwa kuchoma aghalabu hufanywa nyumbani, hata katika jiko la kupikia, wanaouvuta ni pamoja na akina mama waja wazito na watoto wasiojua duara liko wapi.

Mvuke uliobaki hewani huanguka siku moja na mvua. Katika matope ya mito na mabwawa bakteria huugeuza kuwa methilizebaki, ambayo hujikusanya katika samaki. Mji wa Minamata, Japani, ulijifunza hayo mwaka 1956 kwa uchungu mkubwa, na jina lake likapewa mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Tanzania ni mwanachama wake. Mkataba unazitaka nchi zikomeshe, pamoja na mambo mengine, uchomaji wa amalgamu hadharani na uchomaji katika makazi ya watu. Shabaha ya mbali ni kuiacha zebaki kabisa. Mwaka 2010 wanajiolojia wa Denmark walieleza jinsi walivyoitambulisha nchini njia ya boraksi, inayotumiwa na wachimbaji wa Ufilipino, ambayo huyeyusha dhahabu moja kwa moja kutoka katika mchanga mzito bila zebaki. Hadi njia hizo zienee, ritoti ndiyo iliyopo.

Joto linalofanya kazi mara mbili

Mwaka 2016 wahandisi wawili wa Marekani, Sholl na Lively, waliandika katika jarida la Nature kwamba kutenganisha michanganyiko ya kemikali hutumia karibu nusu ya nishati ya viwanda vya nchi yao. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ukenekaji. Haishangazi basi kwamba juhudi kubwa ni kulifanya joto lile lile litumike tena kabla ya kutupwa.

Mfano wa hapa kwetu ulikuwa kiwanda cha TIPER, Kigamboni, kilichoanza kusafisha mafuta ghafi mwaka 1966. Siku hizi ni ghala la mafuta tu. Katika kiwanda cha namna ile mafuta ghafi hayaendi moja kwa moja tanurini. Hupitishwa kwanza katika mabomba yanayopakana na mabomba ya dizeli na mafuta mazito yanayotoka mnarani yakiwa ya moto. Yanayotoka yanahitaji kupoa, yanayoingia yanahitaji kupata joto, nayo hubadilishana bila kuchanganyika. Tanuru humalizia tu.

Njia nyingine ni kutumia mvuke wa mnara mmoja kuchemsha mnara wa pili. Joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi kwenda penye moto, kwa hiyo mnara wa pili lazima uchemke katika joto la chini kuliko wa kwanza, na hilo hupatikana kwa kupunguza kanieneo ndani yake, kama vile mwinuko wa Shinyanga unavyoshusha mchemko wa maji. Je, ritoti ya kijijini inaweza kunufaika hivyo? Kwa gramu 20 za amalgamu, hapana. Lakini ile ya ushirika ikimaliza kazi ina karibu kilojuli 480 zilizolala katika chuma chake, nalo jiko la udongo lina zaidi ya hapo. Joto hilo lingefaa kukaushia shehena ya mchanga mzito itakayofuata, mradi mchanga huo haujaguswa na zebaki na chakula kisipikwe hapo kamwe.

Jaribio kwa shule

Zebaki isiletwe darasani. Jaribio lifuatalo linatumia maji ya chumvi na linaonyesha kanuni zile zile. Chukua birika dogo la chuma lenye mdomo mrefu, mpira wa kupitisha mvuke unaostahimili joto, chupa ya kupokelea iliyokaa katika beseni la maji baridi, jiko la mkaa na mizani. Tia katika birika mililita 500 za maji yenye vijiko vitatu vya chumvi, kisha funga kifuniko kwa unga uliokandwa. Mdomo wa mpira uwe juu ya kimiminika katika chupa, usizame.

Pima gramu 300 za mkaa, washa, na keneka mpaka mkaa ufe au birika likaribie kukauka. Pima maji yaliyopatikana na uyaonje kama yana chumvi. Rudia mara ya pili kwa mkaa wa uzito ule ule, safari hii kifuniko na mabega ya birika yakiwa yamefunikwa kwa udongo mkavu wa unene wa vidole viwili. Mara ya tatu, zungushia jiko ukuta wa matofali na udongo. Andika katika jedwali mililita zilizopatikana kwa kila gramu 100 za mkaa, pamoja na muda uliopita tangu moto uwake hadi tone la kwanza.

Kwa kila safari kokotoa ni sehemu gani ya joto la mkaa iliyofanya kazi, ukichukua kilojuli 29 kwa gramu ya mkaa na kilojuli 2.57 kwa gramu ya maji yaliyokenekwa. Kisha pima uzito wa birika tupu na ukokotoe lilikula kilojuli ngapi kufika nyuzi 100. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne waeleze ni kwa nini sehemu ya joto iliyofanya kazi hapa ni kubwa sana kuliko ile ya kidonge cha gramu 20, ingawa jiko ni la namna ile ile.